Ongeza Baraza Lenye Paa, Lakini Lifunge Vizuri

Toka nje kidogo uitazame nyumba yako. Tazama ukuta wa mbele, pale chini unapokutana na ardhi. Je, udongo umemomonyoka? Je, yapo madoa ya matope yaliyoruka kutoka chini mpaka karibu na goti? Kama yapo, basi mvua imeanza kuila nyumba yako. Maji yanadondoka kutoka ukingo wa paa. Yanaipiga ardhi, yanaruka, yanaupiga ukuta. Masika ya kwanza hutaona kitu. Masika ya tatu utaona ufa.

Dawa moja ya ugonjwa huo ni kuongeza baraza lenye paa. Baraza huyapeleka maji mbali na ukuta. Tena baraza ni chumba ambacho hakina kuta, kwa hiyo gharama yake ni ndogo kuliko ya chumba. Hapo utapukuchua mahindi mvua ikinyesha. Hapo utachambua pamba. Watoto watasoma wakiwa kwenye mwanga. Wageni watakaa bila kuingia ndani ambako mgonjwa amelala. Kama nyumba yako inatazama magharibi, baraza litazuia jua la alasiri lisiupige ukuta, na usiku chumba hakitakuwa kama tanuri.

Wazee wetu walilijua jambo hili. Pwani, watu walijenga viti vya mawe nje ya milango, wakakaa hapo kuzungumza na kuamua mashauri. Ndiyo maana leo tunasema Baraza la Wazee, na hata Baraza la Mawaziri.

Lakini katika makala hii sitalisifu baraza tu. Nataka kukueleza jinsi baraza linavyoweza kukuvunjia nyumba. Mimi lilinivunjia.

KOSA LANGU

Mwaka 2009 mpunga ulikubali. Nilipouza, nilinunua mabati na mbao, nikamwita fundi. Nyumba yangu ilikuwa ya tofali mbichi, imeezekwa kwa bati. Fundi akapanda juu, akatazama, akasema, "Mzee, kazi ni ndogo. Tutaunga mbao mpya kwenye hizi za zamani." Nikakubali, maana njia hiyo ilipunguza mbao. Tukapigilia makombamoyo mapya kwenye ncha za makombamoyo ya zamani. Kwa mbele tukachimbia nguzo nne za mkaratusi ardhini, futi moja tu. Kwa siku tatu kazi ikaisha. Tukakaa barazani tukanywa chai.

Mwezi Oktoba mwaka uliofuata, mvua ya kwanza ya vuli ilitanguliwa na upepo kutoka ziwani. Ilikuwa alfajiri. Upepo uliingia chini ya baraza, ukaliinua. Nguzo zikatoka ardhini kama mihogo. Na kwa kuwa mbao za baraza zilikuwa zimeshikana na mbao za nyumba, paa la nyumba nalo likafuata. Lilifunuka kama kifuniko cha sufuria. Mama yangu mzazi alikuwa amelala chumba cha mbele. Alifungua macho akaona mawingu.

Mama alitoka mzima. Lakini bati moja liliruka mpaka kwenye zizi la jirani, likamkata ndama mguu. Ndama yule nilimlipa. Magunia manne ya mpunga yalilowa, na baada ya siku chache mpunga ukachipua humo humo ndani ya magunia.

Kwa muda mrefu nilisema ni bahati mbaya. Sasa najua kwamba haikuwa bahati. Ilikuwa hesabu, na hesabu hiyo sikuwa nimeifanya.

NGUZO INASHIKA NINI?

Ukimwuliza mtu yeyote kazi ya nguzo ya baraza, atakujibu kwamba nguzo hulizuia paa lisianguke. Jibu hilo ni nusu tu. Nguzo hulizuia paa pia lisiruke.

Fikiri hivi. Mabati membamba pamoja na mbao zake hayafiki kilo 15 kwa kila meta mraba moja. Upepo mkali wa kilometa 100 kwa saa husukuma kila meta mraba kwa nguvu inayokaribia kilo 47. Sasa chukua baraza la urefu wa meta 8 na upana wa meta 2 na sentimeta 70. Zidisha 8 kwa 2.7. Utapata meta mraba 21.6. Zidisha tena kwa 47. Utapata zaidi ya kilo 1,000. Hiyo ni sawa na uzito wa magunia kumi ya mahindi ya kilo 100, yanayosukuma paa lako kwenda juu. Uzito wa paa lenyewe hauwezi kulizuia. Mawe mawili matatu uliyoyaweka juu ya bati hayatalizuia pia. Tena mawe hayo ni hatari, kwa sababu yataanguka juu ya watu.

Baraza lina shida kuliko nyumba. Nyumba ina kuta, na upepo mwingi hupita juu yake. Baraza liko wazi upande mmoja na limezibwa na ukuta upande wa pili. Upepo ukiingia haupati pa kutokea. Unasukuma juu.

Kwa hiyo unapojenga, jiulize kila mara swali moja: kitu hiki kimeshikwa na nini kisiende juu? Bati linashikwa na pau. Pau inashikwa na kombamoyo. Kombamoyo linashikwa na mwamba. Mwamba unashikwa na nguzo. Nguzo inashikwa na zege lililoko ardhini. Mahali pamoja pakiwa dhaifu, upepo utapakuta hapo.

TAZAMA UKUTA WAKO KABLA YA KUNUNUA BATI

Kama nyumba yako ni ya tofali za kuchoma au za saruji, na ina lenta ya zege yenye nondo inayozunguka juu ya kuta zote, una bahati. Unaweza kuufunga mwamba wa baraza kwenye lenta hiyo kwa bolti. Usiufunge kwenye tofali peke yake.

Kama nyumba yako ni ya tofali mbichi au ya miti na udongo, usiufunge mwamba kwenye ukuta. Msumari ndani ya udongo haushiki kitu. Wala usiunge mbao kwenye paa la zamani kama nilivyofanya mimi. Simamisha safu mbili za nguzo. Safu ya kwanza iwe karibu na ukuta, kiasi cha kuacha nafasi ya kupitisha mkono. Safu ya pili iwe nje. Paa la baraza litasimama juu ya nguzo zake lenyewe. Kwa juu litaingia chini ya ukingo wa paa la nyumba bila kupigiliwa nalo.

Wako watakaosema kwamba unapoteza nguzo. Ni kweli kwamba nguzo zinaongezeka. Lakini siku upepo ukishinda, utachukua baraza tu. Watu waliolala ndani watabaki na paa lao. Baada ya yaliyompata mama, mimi sihesabu nguzo zile kuwa hasara.

Kabla hujachimba, pima pia mpaka wako. Baraza linasogea mbele meta mbili au tatu, na hapo ndipo ugomvi wa majirani unapoanzia. Kama nyumba iko kando ya barabara, mwulize Mtendaji wa Kijiji mwisho wa hifadhi ya barabara uko wapi. Wengi wamechorewa alama nyekundu ya X kwa sababu ya baraza tu.

KICHWA CHA MGENI

Sasa tuje kwenye jambo linalowashinda wengi, yaani urefu. Mtu hufikiri atalirefusha paa la zamani moja kwa moja mpaka mbele. Paa la nyumba lina mteremko mkali. Ukilirefusha hivyo hivyo, kila meta moja linashuka sentimeta 35 au zaidi. Ukifika meta mbili na nusu, paa limefika kwenye paji la uso. Kila mgeni ataingia kwako akiwa ameinama, na mrefu atatoka na nundu.

Kwa hiyo paa la baraza lipewe mteremko mdogo kuliko wa nyumba. Kwa bati, sentimeta 15 kwa kila meta moja zinatosha. Usipunguze zaidi ya hapo, maana maji yatatembea polepole na upepo utayarudisha chini ya bati. Ukipenda kuezeka kwa nyasi, hesabu hii haikufai. Nyasi zinataka mteremko mkali sana, karibu sawa na mstari unaokata pembe ya mraba katikati. Nyasi zikilazwa zinaoza. Basi kwa baraza la nyasi, jenga banda la peke yake, hatua chache kutoka kwenye nyumba.

Tufanye mfano wa bati. Chukua bati la meta 3. Sentimeta 30 ziingie chini ya ukingo wa paa la zamani. Zinabaki meta 2 na sentimeta 70 kwenda nje. Weka nguzo za nje meta 2 na sentimeta 20 kutoka kwenye ukingo ule. Sentimeta 50 zinazobaki zitoke nje ya nguzo ili mvua isilowanishe miguu yake. Hapo hukukata bati, wala hukuunga bati kwa bati.

Je, urefu utakuwaje? Tuseme ukingo wa paa la zamani uko meta 2 na sentimeta 40 juu ya sakafu ya baraza. Bati jipya linapita sentimeta 5 chini yake. Basi linaanza kwenye meta 2 na sentimeta 35. Kufika kwenye nguzo za nje limeshuka mara 2.2 ya sentimeta 15, yaani sentimeta 33. Utabaki na meta 2 na sentimeta 2. Mwamba nao utachukua nafasi chini ya bati, lakini mtu mrefu atapita akiinamisha kichwa kidogo tu, au asiinamishe kabisa.

Sasa pima kwako. Nyumba nyingi za zamani zina ukingo ulioshuka mpaka meta 2 na sentimeta 10. Kama ndivyo, usilazimishe. Ama upunguze upana wa baraza, ama usubiri mpaka siku utakapoezeka nyumba upya uinue kuta. Usichimbe sakafu ya baraza ikawa chini ya uwanja. Niliona mtu amefanya hivyo. Akapata bwawa la bata.

NGUZO NA MCHWA

Nguzo ya mkaratusi mbichi ikichimbiwa ardhini, mchwa wataisifu. Miaka miwili au mitatu ikipita, ukiigonga utasikia sauti ya ngoma. Kwa nje ni nzima, kwa ndani ni udongo.

Wengi hupaka oili chafu ya magari. Oili hiyo huingia juu juu tu, na mvua huiosha ikaingia ardhini na kuchafua udongo na maji ya kisima. Zamani watu walimwaga dawa kali kama aldrini na dieldrini. Dawa hizo zimo katika orodha ya sumu zilizokatazwa na Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001, maana zinakaa katika udongo na katika miili ya watu kwa miaka mingi. Mtu akikuuzia kopo la zamani, usilinunue.

Njia iliyo bora haihitaji sumu. Usiiache nguzo iguse ardhi. Chimba shimo la sentimeta 40 kwa 40, kina chake sentimeta 60. Jaza zege. Zege hilo liendelee juu kama kigingi kinene, mpaka lipite sakafu kwa sentimeta 15. Zege likiwa bado bichi, tumbukiza ndani yake vyuma viwili bapa vyenye matundu, au nondo iliyokunjwa miguu, visimame kama vidole viwili. Nguzo itakaa katikati ya vidole hivyo. Kisha pitisha bolti, au misumari minene iliyokunjwa ncha upande wa pili.

Hapo umefanya kazi mbili kwa mara moja. Zege la shimo moja lina uzito wa zaidi ya kilo 200, kwa hiyo upepo hauwezi kuling'oa kirahisi. Na mchwa sasa hawawezi kuingia kwa siri. Mchwa hupenda giza. Ili wafike kwenye mti, lazima wajenge njia ya udongo juu ya zege, mahali ambapo wewe unaona. Kila Jumamosi mtoto anaweza kupita na kijiti akaziparua njia hizo.

Kwa zege la msingi, changanya ndoo 1 ya saruji, ndoo 3 za mchanga na ndoo 6 za kokoto. Maji yasizidi. Zege linalotiririka kama uji litakuwa dhaifu. Kwa baraza la mfano wetu, lenye nguzo kumi, weka mifuko sita ya saruji ya kilo 50. Kila siku limwagilie zege maji kwa muda wa wiki moja. Usilipandishie paa kesho yake.

Kwa nini nguzo kumi? Urefu ni meta 8, na nguzo zikae meta 2 kwa meta 2. Wengi hugawa 8 kwa 2 wakanunua nguzo 4 kwa kila safu. Hizo 4 ni nafasi, si nguzo. Nafasi 4 zinahitaji nguzo 5. Hesabu vidole vya mkono wako na nafasi zilizo kati yake, utaona. Safu mbili ni nguzo 10.

Mti wenyewe umenye magamba, uukaushe kivulini miezi miwili au mitatu. Ukiweza kupata nguzo zilizotiwa dawa kiwandani, nunua. Ukitumia mninga au mti mwingine mgumu, tumia kiini. Sehemu nyeupe ya nje, mchwa wanaila hata ya mninga.

Baadhi ya watu wanapenda nguzo za tofali. Zinapendeza. Lakini paa lililolazwa juu ya nguzo ya tofali halikushikwa na chochote. Lazima nondo itoke kwenye msingi, ipite katikati ya tofali mpaka juu, iushike mwamba. Kama fundi hakuiweka, mwambie aibomoe nguzo hiyo mapema, kabla saruji haijakauka na maneno hayajawa mengi.

KUFUNGA

Juu ya nguzo weka mwamba. Juu ya mwamba weka makombamoyo ya mbao za mbili kwa nne, kila baada ya meta moja. Kwa meta 8 utahitaji makombamoyo 9. Unakumbuka vidole? Juu yake weka pau, ambazo mafundi wengine huziita papi, za mbili kwa mbili. Kwa bati la meta 3 weka mistari mitano. Mstari mmoja uwe mwanzoni kabisa na mmoja mwishoni kabisa, maana upepo huanza kwa kuinua ukingo.

Msumari ulioingia wima kutoka juu hutoka wima kwenda juu. Huo ndio udhaifu wake. Kila penye makutano ya mbao mbili, ongeza mshipi. Tumia ukanda mwembamba wa chuma, au waya mnene uliokunjwa mara mbili. Uzungushe juu ya kombamoyo, uushushe pande zote mbili za mwamba, uukaze kwa koleo. Mwamba nao uufunge hivyo hivyo kwenye nguzo. Kazi hii ni ya saa chache. Fundi atakwambia haina haja. Kaa hapo hapo mpaka aimalize.

Weka pia mbao za mshazari kwenye nguzo za pembeni, kutoka nguzo hadi mwamba, ili baraza lisiyumbe kama mlevi.

Kuhusu bati, jua kwamba geji 28 ni nene kuliko geji 30. Namba ikipanda, bati linapungua unene. Wauza duka wengine hawalisemi hilo. Mabati yapishane migongo miwili kwa ubavu. Upande wa juu wa mpishano uelekee kule ambako upepo wa mvua hautoki. Msumari wa bati upigwe kwenye mgongo wa bati, si kwenye bonde, kwa sababu maji hupita bondeni. Weka mpira chini ya kichwa chake. Kwenye pau ya mwisho ya chini na kwenye mabati ya pembeni, ongeza misumari.

Usikubali kupewa mabati ya zamani ya asbesto, yale ya kijivu yanayovunjika kama kigae. Ukiyakata au kuyatoboa, hutoa vumbi ambalo likiingia mapafuni huleta saratani miaka mingi baadaye. Hata yakiwa ya bure, yaache.

Baraza hutia giza vyumba vya mbele. Juu ya dirisha weka bati moja la plastiki linalopitisha mwanga. Moja linatosha. Ukizidisha utakaa juani.

SAKAFU NA MAJI

Sakafu ya baraza iwe chini ya sakafu ya nyumba kwa sentimeta 5 au 10, na juu ya uwanja kwa sentimeta 15 au 20. Ishuke kwenda nje sentimeta 2 kwa kila meta. Weka mawe ukingoni. Katikati jaza changarawe na udongo mwekundu, ushindilie tabaka kwa tabaka. Saruji ya juu unaweza kuiweka mwakani ukipata fedha.

Sasa maji. Mvua ya milimeta 1 ikinyesha juu ya meta mraba 1 hutoa lita 1. Hesabu hii ni rahisi na haina udanganyifu. Baraza letu lina meta mraba 21.6. Paa la mbele la nyumba linalomwaga maji juu yake, tuseme meta 8 kwa 4, ni meta mraba 32. Jumla ni 53.6. Mvua moja ya milimeta 10, ambayo si kubwa, itatoa lita 536. Ondoa sehemu moja kwa tano kwa yale yanayoruka na kupotea. Zinabaki lita kama 430, yaani ndoo 21 za lita 20. Mwulize mama nyumbani kwako ndoo 21 ni safari ngapi za kisimani, tena zikiwa kichwani.

Funga mfereji wa bati kwenye ukingo wa baraza. Uteremke kidogo kuelekea kwenye pipa au simtanki. Mvua ya kwanza ya msimu iache imwagike, maana inaosha vumbi na mavi ya ndege. Maji ya kunywa yachemshwe. Pipa lifunikwe, na mfereji usafishwe majani. Wazee wanaokumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 wanajua kwamba maji yaliyotuama karibu na nyumba huzaa mbu. Mfereji ulioziba ni dimbwi lililopanda juu ya nyumba.

Tukiwa kwa mbu, ziba kwa wavu ile nafasi iliyo kati ya ukuta na paa la nyumba. Mbu wa malaria huingia hapo usiku. Kabla ya baraza ulihitaji ngazi ndefu kuifikia nafasi hiyo. Wakati wa ujenzi, mafundi wako hapo hapo.

KILA MWAKA KABLA YA MVUA

Baraza langu la pili nililijenga mwaka 2012, kwa safu mbili za nguzo kama nilivyoeleza. Liko mpaka leo, ingawa upepo wa ziwani haujaacha kuja. Kila mwisho wa Septemba napanda ngazi nikiwa na nyundo na koleo. Naanza na misumari ya ukingoni, kwa sababu joto la mchana na baridi ya usiku huilegeza. Kisha naikaza mishipi ya waya iliyoshika kutu. Nikishuka natazama vigingi vya zege kama mchwa wamejenga njia. Mwaka jana nilikuta misumari minne iliyoinuka na njia moja ya mchwa kwenye nguzo ya kusini. Misumari niliigonga. Ile njia mjukuu wangu aliiparua kwa kijiti, na siku ya tatu mchwa walikuwa wameijenga tena. Akaiparua tena.